Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Wafugaji wa Mbwa

Waheshimiwa wanachama, wanakamati wenzangu na wageni waalikwa,

Kwa mujibu wa katiba yetu, ninawajibika kuwasilisha mbele yenu taarifa ya shughuli za chama kwa mwaka uliokwisha tarehe 31 Desemba. Mambo ambayo mliyashuhudia wenyewe sitayarefusha. Kamati ilikutana mara 6. Mafunzo ya utii yalifanyika Jumamosi ya pili ya kila mwezi, isipokuwa Aprili kwa sababu ya mvua. Mbwa 312 walichanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa tarehe 28 Septemba, na tunawashukuru madaktari wa mifugo waliojitolea. Watoto wa mbwa 143 waliandikishwa katika daftari la ukoo, kutoka kwa uzao wa majike 29. Hakuna mwanachama aliyefariki, jambo ambalo tunamshukuru Mungu.

Sasa naomba uvumilivu wenu nizungumzie onyesho letu la Oktoba, lililofanyika katika uwanja wa maonyesho ya kilimo hapa Nakuru, pamoja na uamuzi wa kamati wa kukubali ufadhili wa kituo kikubwa cha kuzalishia mbwa, uamuzi ambao umezua maneno mengi, mengine yakisemwa mahali ambapo mimi sikuwepo kuyajibu.

Kwanza ni vyema tuziangalie hesabu. Onyesho liligharimu Sh 486,000, yaani uwanja, mahema, vikombe, vipaza sauti, daktari wa mifugo wa zamu, pamoja na tiketi ya ndege na malazi ya mwamuzi. Mbwa 104 waliingizwa kwa ada ya Sh 1,000 kila mmoja, tukapata Sh 104,000. Viingilio vya watazamaji vilileta Sh 38,500. Mfadhili alitoa Sh 300,000. Anayejua kutoa na kujumlisha ataona kwamba pengo la Sh 43,500 lilibaki, na pengo hilo nililiziba kwa fedha za mfukoni mwangu, ambazo sijarudishiwa hadi leo. Sisemi haya ili nisifiwe. Nayasema kwa sababu barua niliyoletewa mwezi Novemba, yenye sahihi za wanachama 14, inadai kwamba kamati “ililiuza onyesho”, na ningependa kujua ni muuzaji gani anayetoka sokoni akiwa amepungukiwa.

Barua hiyo ina malalamiko mawili yanayostahili jibu. La kwanza ni kwamba mfadhili alileta mbwa 22, na kwamba mbwa wake walishinda katika aina 5 kati ya 11, kisha mmoja wao akatwaa kikombe cha mbwa bora wa onyesho. Hayo ni kweli. Lakini wanachama wanaosahau kanuni yetu, isemayo kwamba cheti cha ubora hakitolewi kwa aina yenye mbwa pungufu ya watatu ulingoni, naomba waisome tena. Katika aina 4, idadi hiyo ilitimia kwa sababu tu ya mbwa walioletwa na kituo hicho, na katika mbili kati ya hizo aliyeondoka na cheti alikuwa mbwa wa mfugaji mdogo, mwenye jike moja nyuma ya nyumba, ambaye bila mbwa hao wa kujaza nafasi angeondoka na utepe tu.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Nchini Marekani, mbwa hupata ubingwa akifikisha alama 15, na miongoni mwa ushindi wake lazima uwemo ushindi wa alama 3 au zaidi mara mbili, chini ya waamuzi tofauti. Alama hizo hutegemea idadi ya mbwa aliowashinda. Kwa hiyo mwenye mbwa mmoja anamhitaji mwenye mbwa ishirini, hata kama anamchukia, kwa kuwa ulingo mtupu haumpi mtu ubingwa. Nilimweleza hivyo mmoja wa waliotia sahihi, akaniambia kwamba mwenye mbwa ishirini anaweza pia kuchagua ni wapi awapeleke na ni wapi asiwapeleke, na kwa njia hiyo akaamua ni onyesho lipi litakuwa na alama. Nakubali kwamba hoja hiyo ina uzito, ingawa namna aliyoitamka haikuwa ya heshima.

Lalamiko la pili linahusu mwamuzi. Inasemekana alichaguliwa na mfadhili. Ukweli ni kwamba mfadhili alipendekeza majina matatu na kamati ikachagua moja, kwa kura 5 dhidi ya 2. Inasemekana pia kwamba mwamuzi alikula chakula cha jioni na mfadhili usiku wa kuamkia onyesho. Mimi nilikuwepo mezani, kwa hiyo naweza kushuhudia kwamba habari za mbwa hazikuzungumzwa, au hazikuzungumzwa kwa kirefu. Hata hivyo nakiri kwamba majina ya waamuzi yangepaswa kutoka kwetu, na nimeagiza iwe hivyo siku zijazo.

Wanaodhani kwamba zamani maonyesho yalikuwa safi na kwamba sisi ndio tulioyachafua hawajasoma historia ya shughuli wanayoipenda. Onyesho la kwanza la mbwa, lililofanyika Newcastle upon Tyne nchini Uingereza mwezi Juni 1859, lilikuwa na mbwa wapatao 60 wa aina mbili za kuwindia ndege, pointa na seta, na zawadi zilikuwa bunduki zilizotolewa na fundi bunduki wa mji huo. Seta aliyeshinda alikuwa mali ya mmoja wa waamuzi wa pointa, na pointa aliyeshinda alikuwa mali ya mmoja wa waamuzi wa seta. Ubishi wetu, ndugu wanachama, una umri sawa na maonyesho yenyewe. Charles Cruft naye, ambaye jina lake linabebwa hadi leo na Crufts, onyesho la mbwa mashuhuri kuliko yote, alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya biskuti za mbwa.

Kuhusu vituo vikubwa, yupo Geraldine Rockefeller Dodge, mwenye kituo cha mbwa cha Giralda Farms huko Madison, New Jersey, Marekani. Mwaka 1927 mama huyo alianzisha onyesho la Morris and Essex ndani ya shamba lake. Washiriki walipewa chakula cha mchana kwenye maboksi, washindi walipewa vikombe vya fedha halisi, na mwaka 1939 mbwa walioingizwa walifika 4,456. Mbwa wa Giralda walishinda kikombe kikuu cha onyesho la mbwa la Westminster, New York, mwaka 1932 na tena 1939. Katikati ya ushindi huo, mwaka 1933, Bibi Dodge mwenyewe aliketishwa kuwa mwamuzi wa kikombe hichohicho, mwanamke wa kwanza kupewa kazi hiyo. Uingereza nako, mfugaji H. S. Lloyd na spanieli wake, mbwa wa kuwindia, wa kituo cha Ware walitwaa taji la Crufts mara 6 kati ya 1930 na 1950.

Nilipoyataja haya katika kikao cha kamati, Katibu alinikumbusha kwamba Morris and Essex ilikoma mwaka 1957, na kwamba ilipofufuliwa mwaka 2000 ilirudi kwa utaratibu wa mara moja kila miaka mitano. Alitaka kuonyesha kwamba onyesho linalosimama kwa mkono wa mtu mmoja huanguka mkono huo unapochoka. Sikumjibu siku hiyo. Jibu langu leo ni kwamba onyesho la Bibi Dodge lilidumu miaka 30, na letu, kabla ya mfadhili huyu kuja, lilikuwa limeahirishwa miaka miwili mfululizo kwa kukosa fedha za mahema.

Tukumbuke pia kwamba msaada wa kituo hicho hauishii kwenye onyesho. Dume wao wa Kijerumani aliyeletwa kutoka ng’ambo, akiwa na cheti cha nyonga zilizopigwa picha ya eksirei, amepandishwa kwa majike mengi ya wanachama wetu kwa ada iliyopunguzwa. Miongoni mwa wale 14 waliotia sahihi, 9 wana watoto wa dume huyo katika daftari letu la ukoo. Sitawataja, kwa kuwa daftari liko wazi na kila mtu anaweza kulisoma.

Imesemwa pia kwamba mbwa wangu jike alitoka katika kituo hicho. Ni kweli. Nilimnunua miaka miwili kabla ya suala la ufadhili kuzuka, kwa bei ambayo mteja yeyote angelipa, ukiacha punguzo la kawaida wanalopewa viongozi wa vyama. Mbwa huyo aliingizwa kwenye onyesho la Oktoba na akashika nafasi ya tatu kati ya watatu. Kama kulikuwa na upendeleo, haukufika kwangu.

Sasa niseme kwa masikitiko kuhusu ada na mahudhurio. Chama kina wanachama 87. Waliolipa ada ya mwaka ya Sh 2,000 ni 31. Wengine 56 wanadaiwa jumla ya Sh 112,000, fedha ambazo zingelipia mahema na vikombe bila kumpigia magoti mfadhili yeyote. Mkutano maalumu niliouitisha mwezi Desemba kwa ajili ya kujadili barua hiyohiyo ulihudhuriwa na watu 11, ilhali akidi ni 20, na kati ya waliotia sahihi walifika 3. Niliwasubiri wengine hadi saa kumi na moja jioni, chai ikapoa, tukatawanyika.

Kwa mwaka ujao, kamati inatarajia kuandaa onyesho kubwa zaidi, kutafuta wafadhili zaidi ya mmoja, na ikiwezekana kuwa na ukomo wa idadi ya mbwa ambao mfadhili anaweza kuingiza, ingawa idadi yenyewe bado tunaitafakari. Tunatumaini pia kuanzisha daraja la wafugaji wenye majike yasiyozidi mawili, hali ikiruhusu. Mfadhili wetu ameomba ajibiwe kabla ya mwisho wa Machi kama tunamhitaji tena, na jibu hilo litategemea kura yenu ya leo, ambayo kwa mujibu wa katiba itapigwa na wale tu waliolipa ada. Mweka Hazina ameketi karibu na mlango akiwa na kitabu cha stakabadhi, na anapokea pia kwa simu.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti