Bibi hajafunga, amesusa

Dada Zuhura,

Asalaam aleikum. Hapa Ahmedabad, India, mimi mzima. Ujumbe wako kwamba Bibi amefunga kula, anataka kufa, nimeupata, na hizo pesa unazoomba za mpira wa kumlishia puani nimeziona. Subiri kwanza.

Mama mwenye nyumba wangu ni Mjaini, wa dini ile ya Kihindi isiyotaka kudhuru kiumbe chochote, kama wale wa hekalu la Langoni, Mombasa. Kwenye bomba lake amefunga kitambaa cheupe, vijidudu visimezwe na maji. Kiazi hakiingii jikoni: kiazi kimoja, anasema, ni mwili wa roho zisizohesabika. Kwao roho huenea mwilini kote, ndani ya tembo ikatanuka, ndani ya sisimizi ikajikunja. Kinachoibana roho na mwili ni karma, nayo ni vumbi hasa, laini mno halionekani. Hasira, kiburi, hila na tamaa ndizo zinazolinasisha. Likibanduka lote, roho hupaa hadi kilele cha ulimwengu, haizaliwi tena. Sisi tunajua roho ni amri ya Mola, lakini nilimsikiliza.

Mama mkwe wake alifunga mpaka akafa. Wanaita sallekhana. Mahakama Kuu ya Rajasthan iliipiga marufuku Agosti 2015, na kabla mwezi haujaisha Mahakama ya Juu ikaisimamisha hukumu ile. Yule ajuza aliomba kwanza idhini ya watawa wao. Akatuita wote, hata muuza maziwa, akatuomba radhi viganja vimeshikana. Ndipo akaacha chakula, kisha maziwa, mwisho maji. Hakuwa na kinyongo na kiumbe.

Sasa Bibi! Kageukia ukutani, uji hataki, lakini mjomba akitoka tu anamnong'oneza Amina amletee kahawa na kashata. Huyo anataka kufa? Bibi amesusa, Dada. Minazi ya Mtwapa imeuzwa hakuulizwa, na nyinyi mmenyamaza. Kwa hesabu ya Wajaini anajiongezea vumbi. Kwangu mimi ana haki yake, na asilegeze.

Mjomba aende akamwangukie miguuni. Na mwambie yule aliyetangaza msikitini kuwa nimekuwa Banyani: mimi ndiye niliyeongoza darasa zima la famasia, wenyeji wako nyuma yangu. Nyama siili humu ndani kwa heshima ya nyumba ya watu, basi. Usiku naota samaki wa kupaka, naamka na dengu.

Pesa nimemtumia Amina, za kahawa. Mjomba akifoka, mpe namba yangu.

Nduguyo