Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya kuhusu sindano za seli

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Nakuandikia saa tisa usiku, nimetoka kumgeuza kaka yangu sasa hivi. Huwa namgeuza kila baada ya masaa mawili, ubavu wa kushoto, mgongo, ubavu wa kulia, maana asipogeuzwa anatoka vidonda na yeye mwenyewe hasikii kitu kuanzia kifuani kwenda chini. Huu mwaka wa nne tangu ajali.

Juzi akanionyesha kwenye simu tangazo la kliniki moja, wanasema wanachoma seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, kwenye mgongo na mtu anainuka, hata kama ameumia miaka 10 iliyopita, ila hela yote unalipa kwanza. Nikawapigia, nikauliza mmeshawachoma wangapi, wangapi wamepata nafuu, wangapi wamedhurika, aliyepokea akanijibu dada kila mwili na bahati yake. Mheshimiwa, lile sio jibu la mtu anayetibu.

Mimi sipingi tiba ya seli, naiombea ifanikiwe kila siku. Neva za ndani ya uti wa mgongo zikikatika haziungani zenyewe, panabaki kovu na pengo, ndo maana watafiti wanajaribu kupandikiza seli hai pale. Mwaka 2012 kule Wrocław, Poland, Dkt. Pawel Tabakow akishirikiana na Profesa Geoffrey Raisman wa London walichukua seli zinazozunguka neva za kunusa za mgonjwa wao, Darek Fidyka mwenyewe, wakazipandikiza mgongoni na kuunga pengo la milimita 8 kwa vipande vya neva kutoka kwenye kifundo cha mguu wake, na yule aliyekuwa amepooza akaja kutembea kwa kushikilia fremu. Lakini alifanya mazoezi makali kabla na baada ya oparesheni, na ni mtu mmoja, wenyewe waliomtibu hawakujificha kusema hivyo.

Halafu Machi 2025 Chuo Kikuu cha Keio, Japani, kikaeleza matokeo ya wagonjwa 4 wa kwanza waliopandikizwa mgongoni seli zilizotokana na iPS, yaani seli za kawaida za mwili zilizorudishwa kuwa changa, kila mmoja kama seli milioni 2. Wawili walipata nafuu, mmoja kati yao akaweza kusimama, na wawili hawakupata. Na wote walipandikizwa wiki chache tu baada ya kuumia, sio miaka minne kama huyu wangu. Niliposoma hapo niliumia sana ila niliwashukuru, maana wamehesabu na wamesema.

Kuna dada mwingine aliyepandikizwa seli za ndani ya pua huko Ureno, miaka 8 baadaye mgongo ukaanza kumuuma, walipomfungua wakakuta uvimbe unaotoa kama makamasi. Ikaandikwa 2014, ndo tukajua. Sasa hao wa kwenye tangazo nani anawafuatilia miaka 8?

Kwenye misuli nako yaleyale, mwanzoni mwa miaka ya 1990 watoto wa kiume wenye Duchenne, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli, walichomwa seli changa za misuli, nyingi zikafa ndani ya siku chache na zilizobaki hazikusambaa mbali na sindano ilipoingia. Walishindwa, wakaandika walivyoshindwa, wengine wakaanzia hapo.

Ninachokuomba ni hiki tu, yeyote anayetaka kuchoma seli ambazo bado hazijathibitishwa afanye ndani ya utafiti uliosajiliwa, kamati ya maadili iwe imeupitia, mgonjwa asitozwe hata senti kwa kufanyiwa majaribio, afuatiliwe kwa miaka, na matokeo yote yatoke, ya waliopata nafuu na ya walioumia. Na hilo daftari la tafiti liwe wazi, mtu kama mimi nilifungue kwa simu kabla hatujauza kila kitu. Na tafadhali wapatieni wagonjwa kama kaka wataalamu wa mazoezi ya viungo sasa hivi, vifundo vya miguu ya kaka vimeshaanza kukakamaa, nikivikunja vinagoma, hata siku hiyo tiba ikija itamkuta na miguu gani?

Ameniuliza kama utajibu. Nimemwambia jibu likija nitamsomea zamu ya saa tisa, muda huo wote wawili tunakuwa macho.

Ni mimi, dada yake anayemuuguza