Kwa Zuhura, kuhusu vampaya wako wa Mombasa

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi wewe na watoto. Mswada wa riwaya yako nimemaliza kuusoma. Vampaya wako, yule mfu anywaye damu, anaishi Mji wa Kale lakini mazoea yake yote ni ya Ulaya, na ukichunguza maisha yake ya kila siku, mahesabu hayatoki. Tuyapige pamoja.

Kwanza damu. Mtu mzima ana lita 5 hivi. Anayejitolea damu hutoa kama mililita 450, kisha mwanamume hukaa miezi 3 na mwanamke 4 kabla ya kutoa tena. Umesema bwana huyu hunywa kila usiku na haui. Basi kwa kipimo hicho anahitaji watu wasiopungua 90 wa zamu, na wanawake wakiwamo idadi inapanda. Nani anaweka daftari? Inakuwaje wa leo akipanda basi la Lamu bila kuaga? Hapo una sura tatu nzima za bure. Na ule mstari wa kumnyonya mtu "mpaka tone la mwisho" ufute: akishapoteza lita 2 na ushei yuko mahututi, na moyo ukisimama hakuna kinachosukuma zilizobaki.

Kuhusu kula kwenyewe, waige popo wanyonya damu wa Amerika ya Kati na Kusini, ambao kwa kweli hawanyonyi. Hukata ngozi kidogo kwa meno ya mbele, wakaramba, na mate yao huzuia damu isigande. Chakula cha usiku mmoja ni kijiko kikubwa au viwili. Kwa kuwa damu sehemu kubwa ni maji, huanza kukojoa wangali wanakula, la sivyo uzito unawashinda kuruka. (Najua hutaki bwana mtanashati akimbilie msalani. Mimi ningemwandika hivyo hivyo.) Popo akikosa damu siku mbili tatu hufa, kwa hiyo aliyeshiba humtapikia mwenzake mwenye njaa. Sasa rudi kwenye ugomvi wa wale ndugu wawili. Badala ya kugombea nyumba ya baba, mmoja aombe kutapikiwa, na mwingine akumbuke deni la zamani.

Jua ni hiari yako. Katika riwaya ya Bram Stoker ya 1897 Dracula hutembea London mchana, ila nguvu zake zimepungua. Kufa kwa mwanga wa jua kulipata umaarufu na filamu ya Kijerumani ya 1922, Nosferatu. Ukichagua jua liue, liseme mapema na usilivunje. Kumbuka pia kwamba usiku wa London mwezi Juni hudumu saa 7 na kidogo tu, ilhali Mombasa giza lina karibu saa 12 mwaka mzima. Kwa hiyo ile mbio ya kuwahi alfajiri haina mashiko. Shida yake iwe ofisi za serikali, zinazofungwa jua likiwa bado juu.

Kaburi ndilo lililonikera zaidi. Umemzika Mwislamu wa Pwani ndani ya jeneza! Jeneza humbeba mpaka makaburini kisha hurudishwa msikitini. Yeye huzikwa na sanda, kalazwa ubavu kuelekea kibla, kiunza, yaani ubao wa kaburi, juu yake, halafu mchanga. Hana kifuniko cha kusukuma. Akitoka, atoke akikwaruza ubao kwa kucha, mchanga ukimwingia kinywani kila akivuta pumzi, kama bado anavuta. Ukurasa mzima hapo hautakuwa mrefu.

Na joho jeusi la nini, pwani, kwenye joto lile? Enzi za ukoloni watu wa Nairobi na Kampala walisimulia habari za wazimamoto na mumiani wenye magari, ndoo na sare, wakilipwa mshahara kwa kazi ya kukusanya damu. Wazee wa wasomaji wako walikua na habari hizo. Mpe kazi, Zuhura, yenye zamu ya usiku na msimamizi anayemsumbua: ulinzi wa ghala bandarini, au duka la dawa linalokesha.

Sura ya harusi usiiguse, iko sawa. Ile ya kaburi ukishaiandika upya nitumie hata kabla hujaipiga chapa.

Wasalaam,
shoga yako