Mhariri, tuzo za filamu sio magauni tu jamani

Mhariri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi mambo vipi.

Mi ni msomaji wako wa siku nyingi, ukurasa wa burudani ndo huwa naanza nao kabla hata ya habari kubwa ya mbele, na sijawahi kuandika barua gazetini ila safari hii imebidi. Msimu wa tuzo za filamu ukifika mi nakuwa kama nimepandwa na kitu, silali vizuri, naongea peke yangu, halafu asubuhi yake nafungua gazeti kwa hamu nakuta picha nane za magauni na ka-aya kamoja kembamba kanachosema nani kashinda. Basi. Nani kashona, nani kavaa, nani kaja na nani. Sina ugomvi na magauni, hata mi nayaangalia, lakini hiyo ni sawa na mtu aende harusini arudi anasimulia maturubai.

Kwanza kabisa wengi wanadhani ni usiku mmoja ule wa Oscar. Sio kweli. Mambo yanaanza mwisho wa Agosti kwenye matamasha ya filamu ya Venice na Telluride, halafu Toronto mwezi Septemba, hapo ndo muvi zinazotaka tuzo zinaanza kujitembeza, watu wanatoka ukumbini wanaandika wamelia, wamesimama wamepiga makofi dakika kadhaa (hizo dakika za makofi mi siziamini hata kidogo, watu wa matamasha wanapiga makofi hata pazia likifungwa). Ikifika Desemba wakosoaji wanatoa zao, Januari Golden Globes, Februari BAFTA ya Uingereza, hapo katikati vyama vya watu wa kazi wenyewe, waigizaji wanatuza waigizaji, waongozaji wanatuza waongozaji, na siku hizi Machi ndo Oscar. Miezi saba hiyo! Ni ligi kamili, ina mechi za kirafiki ina nusu fainali ina fainali, na mi naifuata hivyohivyo, nina kadaftari kangu ka ubashiri ambako hakaguswi na mtu.

Na ukiwa na daftari unajifunza nani wa kumsikiliza. Golden Globes kwa mfano, miaka mingi kura zilikuwa za waandishi wa habari wasiofika hata mia, mwaka 2021 ikajulikana kwamba kati yao hakuna mweusi hata mmoja, 2022 televisheni ikagoma kabisa kurusha sherehe, na 2023 chama chenyewe kikavunjwa tuzo zikaenda kwa wamiliki wengine. Kwa hiyo mtu akishinda pale nashangilia lakini kalamu naiweka pembeni. Vyama vya kazi ndo habari nyingine, maana waigizaji ndo kundi kubwa kuliko yote ndani ya Academy, ile taasisi inayotoa Oscar, watu walewale wengi wanapiga kura huku na wanapiga kura kule. Ila na wao wanakuchoma pia. 2013 Ben Affleck alibeba tuzo ya chama cha waongozaji kwa filamu yake Argo, wakati Oscar hawakumteua kabisa kwenye kipengele hicho, halafu Argo hiyohiyo ikatangazwa filamu bora, sasa hapo wewe mwenye daftari unaandika nini?

2020 kwenye filamu bora nikaandika muvi inaitwa 1917, kwa wino, sio penseli, wino. Muongozaji wake Sam Mendes alishachukua ya chama cha waongozaji, nikajua imeisha hiyo. Usiku wa sherehe Bong Joon-ho wa Parasite akaitwa kama muongozaji bora, nikajiambia haya wamemtuliza, ikaja filamu bora, Parasite! Filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kubeba filamu bora tangu tuzo hizi zianze 1929. Nilipoteza pointi zote na niliruka juu kuliko waliozipata, nadhani niliamsha nyumba nzima.

Baadaye ndo nikaenda kusoma kura zinahesabiwaje, na hapa mhariri naomba unipe nafasi kidogo kwa sababu sijawahi kuona gazeti letu likieleza. Vipengele vingine ni rahisi, mwenye kura nyingi kashinda. Filamu bora sio hivyo, tangu sherehe ya 2010 mpiga kura anapanga orodha, ya kwanza hii ya pili ile mpaka ya mwisho. Wanahesabu namba moja za watu wote, kama hakuna filamu iliyovuka nusu wanaitoa iliyoshika mkia, karatasi za waliokuwa wanaipenda zinahamia kwenye chaguo lao linalofuata, wanahesabu tena, wanatoa tena, mpaka moja ivuke nusu. Maana yake nini? Filamu ambayo nusu ya watu wanaiabudu na nusu hawataki hata kuisikia inaweza ikaumia, na ile yenye namba moja za kutosha kutotolewa mapema, halafu wengine wengi wameiweka ya pili au ya tatu, hakuna anayeichukia, ikapita kimyakimya ikashinda. Ukishajua hilo ubashiri unabadilika, huulizi tena filamu gani inapendwa sana, unauliza ipi haina maadui. Mi nikisikia watu wanagombana kuhusu filamu nzuri, najua hiyo tuzo ya filamu bora haipati.

Usiku ulioniuma kuliko yote ni 2021. Muigizaji Chadwick Boseman alikuwa ameshafariki Agosti 2020, kila mtu alijua anapewa ya muigizaji bora, mpaka waandaaji wakahamisha kipengele hicho kikawa cha mwisho kabisa, kitu ambacho hakifanyikagi, filamu bora ikatangazwa kabla yake. Yani steji yote imeandaliwa kwa ajili ya kulia. Bahasha ikafunguliwa, Anthony Hopkins, kwa filamu ya The Father. Na mwenyewe hayupo, ana miaka 83, alikuwa zake kwao Wales, sherehe ikaisha hivyo hivyo kama umeme umekatika. Nilikasirika wiki nzima. Halafu nikaitafuta hiyo The Father nikaiangalia kwa shingo upande, na ilipofika ile sehemu ya mwisho mzee anamlilia mama yake nikanyamaza. Sijui nifanyaje na hasira yangu tangu siku hiyo, bado ninayo lakini haina pa kwenda.

Sasa nifike kwenye malalamiko yenyewe. Februari 2017 wote mnaikumbuka kwa bahasha. Magazeti yote duniani yaliandika bahasha, na ni kweli kilikuwa kituko, zilikuwa seti mbili za bahasha, moja kila upande wa steji, ya muigizaji bora wa kike, yenye jina la Emma Stone wa La La Land, ikafunguliwa kutoka upande mmoja, pacha wake akabaki mkononi mwa mhasibu upande wa pili, mhasibu akampa hiyo Warren Beatty aliyekuja kutangaza filamu bora, La La Land wakapanda wakaanza kushukuru wazazi, kumbe ni Moonlight. Sawa. Lakini usiku huohuo, masaa machache kabla, alipanda jamaa anaitwa Kevin O'Connell, fundi wa kuchanganya sauti. Huyu bwana aliteuliwa mara ya kwanza kwenye sherehe ya 1984. Akakosa. Akateuliwa tena akakosa, tena akakosa, mara 20 mhariri, ishirini! Kila mara kavaa suti kakaa kwenye kiti kapiga makofi mwenzake anaitwa. Mara ya 21 ndo akapata, kwa Hacksaw Ridge. Akasimulia kuwa mama yake ndo alimtafutia kazi ya sauti, akamuuliza nikulipe nini, mama akamwambia nenda kashinde Oscar usimame pale unishukuru mbele ya dunia nzima. Alipokuja kusimama mama alishafariki. Ukurasa wako wa burudani kesho yake ulikuwa na bahasha na magauni, nilikata ule ukurasa ninao mpaka leo.

Kwa ajili ya mtu huyo nilirudia muvi moja ya vita nikiwa nimefumba macho. Jaribu, utanikumbuka. Unasikia buti zinavyotofautiana kwenye tope na kwenye mbao, unasikia mtu anapumua kabla hajasema, unasikia wanavyotoa sauti zote ghafla na hapo ndo moyo unaruka, sio kwenye mlipuko. Miaka yote nilikuwa namuangalia steringi tu, kumbe kuna mtu kakaa chumbani miezi anapanga nisikie nini na lini. Au chukua Roger Deakins, mpiga picha wa filamu, ameteuliwa mara 13 bure, akapata ya 14 mwaka 2018 kwa Blade Runner 2049. Watu waliziona kazi zake miaka na miaka wakasema muvi kali, bila kujua ukali huo umetoka kwenye jicho la nani.

Na wenye tuzo wenyewe sio watakatifu. 2022 walichukua vipengele vinane, sauti, uhariri, muziki, mapambo ya seti, urembo na nywele, na zile filamu fupi zote, wakavitoa kabla matangazo ya moja kwa moja hayajaanza, halafu wakavipachika vipande vipande ndani ya kipindi ili kuokoa muda. Wewe ni mhariri, ulipaswa uumie kuliko wote, mhariri mwenzio wa filamu kaambiwa hatoshi kukaa hewani! Na usiku huohuo likaja kofi la Will Smith, alilompiga mchekeshaji Chris Rock pale stejini, ndo dunia ikaongea kofi mwezi mzima. Mwaka uliofuata wakavirudisha vyote, kelele za mafundi zilisaidia.

Kuna mengine mazuri yamekuja. Wanaochagua waigizaji, wale wanaoamua sura gani iende kwenye nafasi gani, wamepata kipengele chao kuanzia sherehe ya 2026, vipengele sasa ni 24. Na kuanzia hapohapo mpiga kura lazima athibitishe kaona filamu zote zilizoteuliwa kwenye kipengele ndo apige kura ya mwisho. Umeisoma vizuri hiyo? Yani miaka mingi, kwenye vipengele vingi, mtu alikuwa anaruhusiwa kuchagua bora kati ya tano akiwa kaona mbili! Nilicheka mpaka basi, halafu nikakumbuka daftari langu na mi kuna vipengele nabashiri kwa kuangalia trela tu, hasa katuni fupi, nikaacha kucheka.

Ombi langu sio kubwa. Wiki moja kabla ya sherehe chapeni orodha yote ya walioteuliwa, vipengele vyote 24, na mstari mmoja tu kila filamu inahusu nini, tupate muda wa kuzitafuta. Mkikosa wa kuandika mi nipo, naandika bure, nimeshaanza hata. Na siku ya pili yake mkitoa matokeo msiishie kwenye steringi na muongozaji, shukeni mpaka chini, kuna watu huko wamesubiri miaka 33.

Magauni wekeni, moja linatosha. Picha ya pili mpeni fundi wa sauti, hata kama suti haijamkaa.

Ni mimi msomaji wako, mwenye daftari.