Joto la Maghala ya Baridi Lisitupwe Bure

Mhariri,

Wenye maghala ya baridi jijini Nairobi, kuanzia yale ya maua na parachichi karibu na uwanja wa ndege wa JKIA hadi ya nyama na samaki katika Eneo la Viwanda, wamelalamikia bili za umeme kwa muda mrefu, na malalamiko yao yana msingi. Bei ya uniti haimalizi hesabu, kwani juu yake huongezwa gharama ya mafuta, marekebisho ya fedha za kigeni na ya mfumuko wa bei, tozo kadhaa na VAT. Hata hivyo, wengi wao hutupa kila saa kitu ambacho wamekwisha kukilipia, nacho ni joto.

Mtambo wa baridi kazi yake ni kulitoa joto chumbani na kulimwaga nje. Kompresa, yaani pampu inayobana gesi ya mtambo, ikitumia uniti moja ya umeme kuondoa uniti tatu za joto, kondensa, yaani sehemu inayomwaga joto nje, hutoa nne, kwa kuwa umeme wenyewe pia huishia kuwa joto. Katika ghala mojawapo ninalohudumia, wafanyakazi huanika aproni zilizolowa mbele ya feni za kondensa, nazo hukauka kabla ya chai ya saa nne, ilhali hatua chache kutoka hapo boila ya dizeli inanguruma ikichemsha maji ya kuoshea kreti.

Gesi itokayo kwenye kompresa, ikipitishwa kwanza kando ya mabomba ya maji kabla ya kufika kwenye kondensa, yaweza kuyapasha maji hayo hadi nyuzi 60 hivi. Ni sehemu ndogo tu ya joto inayofikia kiwango hicho. Kubwa iliyobaki ni ya vuguvugu, nayo hufaa kuyapasha maji kabla hayajaingia kwenye boila. Muuzaji anayeahidi kwamba boila itang'olewa kabisa anastahili kuulizwa maswali. Wapo pia mafundi wanaopandisha shinikizo la kondensa, na hivyo joto lake, ili maji yawe moto zaidi, na hao huokoa dizeli kwa kuteketeza umeme, maana kila nyuzi moja inayoongezeka kwenye kondensa huongeza matumizi ya kompresa kwa takriban asilimia 2 hadi 3. Katika jiji lililo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, lenye usiku wa baridi, shinikizo hilo lilipaswa kuachwa lishuke, hasa saa ambazo wateja wa viwanda hupata nafuu ya bei ya umeme iliyoanzishwa Desemba 2017.

Kanuni za usimamizi wa nishati za mwaka 2012 ziliwataka watumiaji wakubwa wakaguliwe kila baada ya miaka mitatu. Naiomba EPRA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na petroli, iwatake wakaguzi wapime pia joto linalotoka kwenye kondensa na kulilinganisha na mafuta yanayochomwa katika uwanja uo huo, kisha mwenye ghala aoneshwe tarakimu hizo mbili kwenye ukurasa mmoja.

Fundi wa mitambo ya baridi,
Nairobi