Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kidole Gumba cha Mzee

Wanachama wenzangu, wapiga gitaa, waimbaji, mafundi wa sauti, na nyinyi wazee wetu mlioketi mbele,

Hesabu za chama atazisoma mweka hazina mwenyewe, na kumbukumbu za vikao katibu ameshawagawia. Taarifa yangu mwaka huu karibu yote ni ya usiku mmoja: ule ambao mwanachama wetu mkongwe kuliko wote, tunayemwita Mzee, alipiga "Sengula" hapa Kisumu, mbele ya wapiga muziki wenzake. Shughuli nyingine za mwaka zilikwenda vizuri na sina la kuzidisha. Lakini usiku ule ulitufunulia jambo ambalo chama hakiwezi kuliacha lipite: wimbo huu sote tunaujua kwa sikio, ila wanaoujua kwa mkono wamebaki wachache mno.

Kwa vijana waliojiunga mwaka huu, niseme kidogo. "Sengula" ni wimbo wa George Mukabi, fundi wa omutibo (mtindo wa gitaa wa Waluhya) kutoka Uluhyani, aliyefariki mwaka 1963. Omutibo haukuhitaji bendi: gitaa kavu moja, sauti, na chupa ya Fanta ya kukwaruza. Mukabi aliimba kwa Kiswahili, kwa hiyo nyimbo zake hazikukwama kwenye mipaka ya lugha. Mjaluo na Mluhya waliziimba pamoja. Upigaji wenyewe ni wa vidole viwili, gumba na shahada, kama alivyopiga Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, Kongo, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 na ambaye sahani zake zilisikilizwa sana huku kwetu.

Sasa tuutazame mkono wa Mzee, maana ndio uliotufanya tunyamaze wote ukumbini.

Kapo, kile kibanio cha nyuzi shingoni, aliiweka freti ya 2, akashika umbo (kodi) la C, kwa hiyo wimbo ulitoka katika D. Gumba la kulia lilikuwa likipishana uzi wa 5 na wa 4 bila kuruka hata pigo moja, huku shahada ikipiga sauti ya wimbo kwenye nyuzi tatu nyembamba. Tazameni ukingo wa kiganja: ulilala juu ya daraja la gitaa, kwa wepesi, ukizibana kidogo nyuzi nene ili besi isikike fupi na kavu kama ngoma. Kiganja kikisogea sentimita 2 tu kuelekea tundu la sauti, besi inakufa kabisa. Kikiinuka, besi inavuma na kumeza shahada. Hapo ndipo vijana wetu wengi wanapokosea.

Kosa la pili liko mkono wa kushoto. Kwenye F, Mzee habani nyuzi zote kwa kidole kimoja. Anazungusha gumba la kushoto juu ya shingo, analigandamiza uzi wa 6 kwenye freti ya 1, na vidole vinne vinabaki huru kutembeza wimbo. Anayebana nyuzi zote anapata F safi kabisa, lakini vidole vyake vimefungwa. Wimbo unasimama pale pale kila F inapofika, halafu unaanza tena kwenye C. Ukisikia "Sengula" inachechemea, kagua F kwanza.

Raundi ya kwanza usiku ule haikwenda sawa, na inafaa tuseme kwa nini. Kwa mapenzi na heshima, wenzetu wengi walipanda jukwaani kumsindikiza: besi, gitaa la ridhimu, kinanda na dramu. Mpiga besi alipiga noti ya kwanza ya kila pigo, yaani kazi ile ile ya gumba la Mzee, kwa sauti kubwa zaidi. Gumba likapotea. Mzee alipoacha kulisikia akaanza kupiga kwa nguvu, dramu ikamfuata, na mwendo ukaongezeka hadi maneno yakawa hayapati nafasi ya kutamkwa. Hakuna aliyekosa ufundi pale. Ni mazoea ya benga, muziki wa dansi wa Wajaluo: katika benga besi ni nguzo, na gitaa la solo linajibu mwimbaji kwa kasi kama nyatiti, kinubi cha Wajaluo chenye nyuzi 8. Omutibo umeshabeba besi yake ndani ya gitaa moja. Ukiongeza nguzo ya pili, nyumba inajaa nguzo watu wakakosa pa kukaa.

Raundi ya pili Mzee alibaki na mwenye chupa peke yake. Mpiga solo mmoja aliketi kando na kujibu baina ya beti tu, kwenye freti za juu, kuanzia ya 9 kwenda mbele, ambako hakumkanyaga mtu. Hiyo ndiyo "Sengula" iliyowatoa watu machozi. Kamati inapendekeza mpango huu uwe ndio kanuni kila tutakapomsindikiza mpigaji wa omutibo: hakuna besi, hakuna dramu, na anayejibu asubiri ubeti uishe.

Kuhusu nyuzi. Tulifunga seti ya shaba nyeusi, unene wa 12 hadi 53 (kwa elfu za inchi), siku moja kabla. Nyuzi mpya hunyumbuka na kushuka sauti kwa saa kadhaa. Ukizifunga jukwaani utatuni kati ya kila wimbo. Baada ya kufunga, vuta kila uzi taratibu kwa vidole katikati ya shingo, tuni tena, rudia mara tatu nne. Jasho na unyevu wa ziwani huzila nyuzi haraka, basi zifute kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza, juu na chini yake. Kapo nayo ikazwe karibu na chuma cha freti, nyuma yake kidogo. Ikikaa katikati ya nafasi, au ikikazwa kupita kiasi, huvuta nyuzi kando na gitaa lililotuniwa vizuri linapanda sauti kidogo na kutoka kwenye tuni. Tuni tena baada ya kuifunga.

Upande wa mitambo, mlio wa kuvuma uliotusumbua jioni kabla ya watu kuingia ulitokana na mikisa na amplifaya kuchomekwa kwenye soketi za kuta mbili tofauti. Mzunguko wa waya za ardhi ulikuwa ukiingiza mvumo wa umeme wa hezi 50. Dawa ni kuchomeka vyote kwenye soketi moja kwa waya mmoja wa kuongezea. Kuna waliotaka kukata pini ya ardhi; jamani, hilo msilifanye kamwe. Waya wa ardhi ndio unaomkinga mwimbaji asipigwe na umeme midomo inapogusa maiki.

Maiki ya gitaa iliwekwa sentimita 20 kutoka pale shingo inapoungana na mwili. Ukiielekeza kwenye tundu la sauti inachukua upepo wa ndani ya kasha, besi inavimba na spika zinaanza kupiga kelele. Kwenye mikisa tulikata kila kitu chini ya hezi 80. Hakuna kilichopotea, kwa kuwa E ya chini kabisa ya gitaa iko hezi 82, na kwa kapo freti ya 2 iko juu zaidi ya hapo. Spika za kumrudishia Mzee sauti tuliziweka mbele yake, kwa sauti ndogo, zikitoa gitaa tu.

Chupa haikupewa maiki yake. Mwenye chupa aliketi hatua mbili kutoka kwa Mzee, na maiki ya sauti ilimchukua vya kutosha. Akisogea karibu, mkwaruzo wake unafunika maneno. Chupa inayofaa ni ya kioo, ile ya zamani yenye mikunjo kiunoni. Ya plastiki haitoi kitu. Ishikwe kwa ncha za vidole, isikumbatiwe kiganjani, maana kiganja kinaua mlio. Iwe tupu na kavu. Maji ndani yake hushusha sauti. Tulizonazo kwenye kabati la chama ni mbili, na moja imepasuka mdomo. Mwenye nyingine nyumbani tunamwomba asiitupe.

Sasa haki. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya, haki ya mtunzi hudumu miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Ya Mukabi kwa hiyo ilifika kikomo mwisho wa 2013, na kuupiga wimbo wake hakuhitaji kibali cha mtunzi. Lakini upigaji wa Mzee usiku ule ni mali ya Mzee. Kurekodi onyesho la msanii kunataka idhini yake, na simu zilizoinuliwa ukumbini hazikuwa na idhini. Kamati ilichukua kibali chake kwa maandishi kwa rekodi moja tu, ile ya chama, tuliyoihifadhi kama faili la WAV kwenye diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti. Aliyerekodi kwa simu na kuisambaza tunamwomba aiondoe, aje azungumze na Mzee mwenyewe. Tunamheshimu vipi jukwaani kisha tugawe jasho lake bila kumwuliza?

Rekodi yetu ina upungufu mmoja mkubwa. Inasikika, lakini haionyeshi gumba. Mzee amekubali kukaa nasi tena kwa siku mbili. Kamera moja italenga mkono wa kulia kutoka juu ya bega lake, ya pili itatazama shingo ya gitaa kutoka nyuma ili gumba la kushoto lionekane kwenye F. Atapiga kila sehemu mara tatu: gumba peke yake, gumba na shahada polepole, kisha kwa mwendo wake na sauti. Saa za asubuhi ndizo zinazomfaa, kabla mikono haijachoka, na kila baada ya dakika 30 apumzishwe.

Wanaotaka kujifunza waandikishe majina kwa katibu leo. Darasa litaanza na gumba peke yake, 5 na 4 kwenye C, 6 na 4 kwenye G, huku mwanafunzi akiongea na jirani yake. Asiyeweza kuongea gumba likiendelea hajawa tayari kuongeza shahada, hata kama anatoka bendi kubwa. Njooni na gitaa kavu, kapo na kitambaa cha nyuzi. Amplifaya ziacheni nyumbani.