Kabla ya kuuliza cc, tazameni shafti

Ndugu Mhariri,

Magazeti yetu hayachoki kutuonyesha picha ya kijana aliyekaa juu ya kigari alichokiunda mwenyewe, meno yote nje, na kiongozi fulani amemshika bega. Habari yenyewe huwa na umri wa kijana, jina la kijiji na maneno "injini ya cc 150", yaani ujazo wa silinda. Basi. Msomaji mwenye vipande vya bomba uani na hamu ya kuunda cha kwake hapati cha kushika: injini ilitoka kwenye chombo gani, imefungwa upande gani, sproketi (magurudumu ya meno yanayovaa cheni) zina meno mangapi mbele na mangapi nyuma, inapozwa na nini. Tunaomba nafasi tuyaseme hayo, maana gokati, ndiyo hicho kigari, ya kukimbia lami ni jambo moja, na ya kupita mchangani, kwenye matuta ya shamba na matope ni jambo jingine.

Gokati ya kwanza kabisa, ile aliyoiunda Art Ingels huko California mwaka 1956, ilitumia injini ya mashine ya kukatia majani. Kwa hiyo hakuna aibu kuanza na injini ya kibaruani, ile ya petroli yenye silinda moja ambayo tumezoea kuiona kwenye pampu za maji. Ukoo wake ni wa Honda GX, ulioanza mwaka 1983, na nyingi zinazouzwa leo ni nakala za Kichina zenye alama 168F au 170F ubavuni. GX200, kwa mfano, ina cc 196, nguvu farasi 5.5 kwa mizunguko 3,600 kwa dakika, uzito wa kilo 16 na oili lita 0.6. Ina feni yake kwenye flaiwili (gurudumu zito linalozunguka na injini), kwa hiyo haihitaji upepo wa mwendo. Ni injini nzuri ya kujifunzia.

Ila shafti, ule mhimili wa injini unaotoa nguvu, ndipo watu wanapotupa hela. Injini iliyotoka kwenye pampu mara nyingi ina shafti fupi yenye thredi, kwa sababu feni ya pampu hufungwa kama nati. Iliyotoka kwenye jenereta mara nyingi ina shafti iliyochongoka kama karoti. Zote mbili hazivai klachi. Unayoitaka ina shafti iliyonyooka, yenye mfereji wa kii (kipande cha chuma kinachoifunga klachi izunguke na shafti), nene milimita 19.05 (yaani robo tatu ya inchi) au milimita 20. Pima kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene, kabla ya kulipa, maana tofauti ya hizo mbili haionekani kwa jicho. Klachi ya robo tatu ya inchi haiingii kwenye shafti ya milimita 20, na ya milimita 20 ikivikwa kwenye 19.05 itacheza. Wapo wanaoziba pengo kwa kipande cha kopo la soda. Kii italiwa siku hiyo hiyo. Mashine za kushindilia udongo kwenye ujenzi mara nyingi zina shafti sahihi, kwa hiyo iliyokufa sehemu ya chini lakini injini bado nzima ni mali. Injini ya kukatia majani ambayo shafti yake imeelekea chini iacheni. Ukiilaza ubavu ili shafti ikae sawa, oili haifiki inapotakiwa na kabureta inafurika.

Kosa la pili ni upande. Injini hizi, ukiitazama shafti uso kwa uso, huzunguka kinyume cha mshale wa saa. Kwa cheni ya kawaida shafti lazima ikae kushoto kwa dereva. Ukiiweka kulia, gokati itarudi nyuma, na kuongeza shafti ya kati (ya kupitishia cheni kati ya injini na ekseli) hakutasaidia kwa kuwa cheni haigeuzi mzunguko.

Sasa hesabu, na hapa tunaomba msomaji achukue kalamu. Tuseme umetumia tairi za Bajaji, 4.00-8, ambazo zinapatikana kila mahali. Kipenyo chake ni kama sentimita 41.5, hivyo kila mzunguko mmoja unasogea mita 1.30. Injini ikiwa mizunguko 3,600 na uwiano wa meno ukiwa 6 kwa 1, ekseli inazunguka mara 600, na hiyo ni karibu kilomita 47 kwa saa. Inapendeza mdomoni. Lakini klachi ya kujishika yenyewe hukamata kuanzia mizunguko 1,800 hadi 2,000 na kitu. Kwa uwiano huo mizunguko 2,000 ni kilomita 26 kwa saa, maana yake chini ya mwendo huo klachi inasugua tu. Nani anapita matope kwa kilomita 26? Ndiyo maana klachi hizi hugeuka rangi ya bluu na kunuka kabla ya mwezi kuisha, na lawama zote anatupiwa Mchina.

Shusheni uwiano hadi 8 kwa 1. Mwendo wa juu unakuwa kilomita 35, klachi inashika sawasawa kwenye 19 au 20, na msukumo kwenye tairi unafika karibu kilo 48. Bado, kwa gokati na dereva wenye jumla ya kilo 200, mlima wa kupanda mita 2 kwa kila mita 10 unaimaliza nguvu yote hiyo. Na msiupate uwiano kwa sproketi moja kubwa. Sproketi ya meno 60 kwenye cheni ya saizi 428 ina kipenyo cha milimita 243. Kwa tairi hii, kati ya sproketi na ardhi inabaki nafasi ya sentimita 8 tu, na kisiki cha kwanza kitaila. Wekeni shafti ya kati: meno 12 kwenda 32, halafu 12 kwenda 36. Jibu ni 8 kwa 1, na sproketi ya ekseli sasa inaacha karibu sentimita 13.

Mwenye milima, mchanga mzito au matope asihangaike na injini ya pampu. Achukue ya pikipiki ya cc 125 au 150 yenye gia na klachi ya mkono. Alama 156FMI zilizogongwa kwenye injini ya Kichina si mapambo: 1 ni silinda moja, 56 ni kipenyo cha silinda kwa milimita, F ni kupozwa kwa hewa, M ni ya pikipiki, I ni daraja la cc 125. 162FMJ ni ndugu yake wa cc 150. Hizi zinafuata mfumo wa Honda CG125 wa fimbo za kusukuma vali, hazina cheni ya ndani ya kuchakaa, na kila fundi wa boda anazijua.

Tazameni tofauti. CG125 ina uwiano wa ndani (kutoka injini hadi giaboksi) wa 4.055, gia ya kwanza 2.769 na ya tano 0.96. Kwa meno 14 mbele na 38 nyuma, jumla ya gia ya kwanza ni karibu 30 kwa 1. Kwenye mizunguko 2,000 unatembea kilomita 5 kwa saa klachi ikiwa imeshika kabisa, na msukumo kwenye tairi, kabla ya kutoa unaopotea njiani, ni kama kilo 130. Gia ya tano kwenye mizunguko 7,000 inakupa kilomita 52. Injini ndogo kuliko ya pampu kwa cc, lakini inavuta mara mbili na nusu na zaidi. Wanaobadilisha sproketi ya nyuma kuweka kubwa kuliko ya boda wanasahau kwamba gurudumu la boda lina kipenyo cha karibu sentimita 60. Gurudumu dogo tayari ni gia.

Dosari yake ni joto. Boda hupozwa na upepo wa mwendo, na wengi wanaifunga injini nyuma ya kiti, mgongo wa dereva ukiwa ukuta. Ikipanda kilima dakika 15 kwa gia ya kwanza nguvu inapungua, oili inanuka kuungua, kisha pistoni inakwama. Ama ifungeni kando ya kiti ambako upepo unafika, ama muitengenezee kifuniko cha bati chenye feni kinachoelekeza hewa kwenye mapezi ya silinda, si kwenye eksozi. Feni ya rejeta ya gari itamaliza betri, kwa sababu koili za boda hazizalishi umeme mwingi hivyo. Tafuteni ile ndogo ya pikipiki yenye rejeta. Oili iwe ya pikipiki. Oili ya gari yenye vilainisho vya ziada huzifanya sahani za klachi ziteleze.

Kuna chaguo la tatu ambalo tunashangaa halitumiki zaidi: Bajaji. Injini ya RE ya mapigo manne, ya cc 198.88, ina feni yake, gia nne za mbele, rivasi na difu yake (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili) humo humo. Rivasi porini si anasa. Gokati iliyozama haivutwi kwa mkono kwa raha. Tatizo ni hiyo difu. Gurudumu moja likiwa kwenye utelezi, ndilo linalozunguka peke yake na wewe umekaa. Ekseli moja iliyonyooka isiyo na difu husukuma magurudumu yote mawili, na kwenye udongo haisumbui kona. Kwa shamba la mchanga mkavu tungechukua Bajaji. Kwa matope, injini ya pikipiki na ekseli iliyonyooka.

Ekseli hiyo iwe ya milimita 30 na beringi za UCP 206. Ya milimita 25 na UCP 205 inapinda kwenye mruko wa kwanza mzito, na ikipinda cheni inaruka, na mtu anaanza kukaza cheni badala ya kutazama ekseli. Cheni iache ilegee sentimita 1 hadi 1.5 dereva akiwa amekaa. Klipu ya kiungo iwe na upande uliozibwa mbele, kule cheni inakokwenda. Diski ya breki ifungwe kwenye ekseli yenyewe, kamwe si kwenye shafti ya kati, kwa sababu cheni ikikatika mteremkoni breki ya shafti ya kati imeondoka nayo.

Fremu hatutaisema sana. Bomba la duara la milimita 32 lenye ukuta wa milimita 2.5 linatosha, mita 1.5 kati ya ekseli na mita 1.1 kwa upana. Anayetumia bomba za maji zenye zinki asage zinki yote kwanza kwa grenda sehemu ya kuchomelea. Moshi wake mweupe unaleta homa usiku. Kama kuna vyuma vya kumlinda dereva gokati ikipinduka, mkanda ni lazima. Kama havipo, bora asijifunge, maana atafungwa chini yake.

Chujio la hewa la sponji lioshwe, lichovywe kwenye oili na kukamuliwa baada ya kila siku ya vumbi. Oili ya injini mpya imwagwe baada ya saa 20 za kwanza. Na kuna mtindo tunaoukemea kabisa: kung'oa gavana (kizuizi cha mizunguko kupita kiasi) ya injini ya pampu ili "ifunguke". Kweli inafunguka. Konrodi yake, fimbo inayoshika pistoni, ni ya aluminiamu, flaiwili ya nakala nyingi ni chuma cha kumimina, na vyote viliundwa kwa mizunguko 3,600. Konrodi ikivunjika hutoboa ukuta wa injini. Flaiwili ikipasuka, vipande vyake viko nusu mita kutoka kisogoni kwa mtoto wa mtu.

Anayenunua injini ya pikipiki iliyotumika aondoke nayo pamoja na CDI (kisanduku kinachotoa cheche), koili, regeta (kirekebishaji cha umeme) na waya zake. Kuna CDI zinazotegemea betri na zisizotegemea, na ukichanganya utatafuta cheche wiki nzima. Adai risiti na nakala ya kadi ya pikipiki yenye namba ile ile iliyogongwa kwenye injini. Isipolingana, aiache hapo hapo mezani, hata bei ikiwa nusu. Na gokati yenyewe, kwa kuwa haina usajili, ibaki shambani au uwanjani.

Ombi letu kwako Mhariri ni dogo. Siku nyingine mwandishi wako akienda kumpiga picha kijana wa namna hii, ampe swali moja la ziada: meno mangapi mbele, mangapi nyuma, na tairi ina kipenyo gani? Ni mstari mmoja tu gazetini, na vijana wengine kumi wataukata na kuubandika ukutani.

Mafundi wa injini ndogo,
Morogoro